Wiki ya shule: wanafunzi 430, uwanja mdogo na maji ya kuhesabu. Tupangeje?

mwl_nyandani:
Habari za majukumu, walimu na wazazi. Shule ipo juu ya nyanda ya Makonde, wilaya ya Tandahimba. Wanafunzi ni 430, walimu 9. Kamati ya shule imekubali tufanye wiki ya shule mwishoni mwa Agosti: Jumatatu kupanda miti na usafi, Jumanne maonyesho ya taaluma na kazi za mikono, Jumatano michezo, Alhamisi ngoma na nyimbo, Ijumaa mahafali ya darasa la saba na chakula cha pamoja. Uwanja ni mita 95 kwa 60. Tenki la maji ya mvua ni la lita 5,000 na mwezi huo huwa limebaki nusu. Naomba msaada wa vipimo na ratiba, hasa uwanja, chakula na ngoma.

afisa_ratiba:
Mwalimu, ratiba ina mambo mawili ya kubadili kabla hujaandika barua ya mwaliko.

La kwanza, mahafali Ijumaa. Kwetu kusini wazazi wengi wanakwenda sala ya Ijumaa, na mgeni rasmi akichelewa saa moja tu, risala inasomwa watu wanainuka. Yapeleke Alhamisi, ngoma ziwe sehemu ya mahafali yenyewe, na Ijumaa ibaki ya usafi, kurudisha vyombo vya watu na kufunga saa 5.

La pili, miti. Ukipanda mche Agosti unaua mche: mvua zimekwisha tangu Mei na zitarudi karibu na Desemba. Jumatatu watoto wachimbe mashimo ya sm 60 kwa 60, kina sm 60, udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Yakikaa wazi hadi mvua, mchwa na magugu hupungua, na wakati wa kupanda unaanza kurudisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi. Kama ni mikorosho, acha mita 12 kati ya shimo na shimo. Mashimo 20 yanatosha. Yawekeeni miiba kuzunguka ili mtoto asitumbukie.

Kuhusu fedha: Agosti ni mwezi mkavu mifukoni, minada ya korosho haijafunguliwa. Omba vitu, usiombe shilingi: mbaazi, nazi, kuni, kukopeshwa masufuria. Kila mchango uwe wa hiari, uandikwe na kamati ya shule na si mwalimu wa darasa, na asirudishwe nyumbani mtoto kwa sababu mzazi hakuleta kitu. Kwa lolote la fedha taslimu, Afisa Elimu Kata ajue mapema.

Darasa la saba msiwabebeshe mazoezi. Mtihani wao ni Septemba. Kwaya, ngoma na kupokea wageni ni kazi ya darasa la tano na la sita.

fundi_uwanja:
Uwanja wa 95 kwa 60 unabeba mzunguko wa mita 200. Ukichora njia 6 unabakiwa na mita moja na kidogo tu kila mwisho, watoto wataingia kwenye ua. Chora 4.

Anza na mstatili wa m 40 kwa m 37.80. Usiamini macho kwenye pembe: pima mishazari yote miwili, kila mmoja uwe m 55.03. Ikitofautiana, sogeza vigingi hadi ilingane. Sasa tafuta katikati ya kila upande wa m 37.80, piga kigingi, funga kamba ya m 18.90 na uzungushe nusu duara kuelekea nje. Huo ndio mstari wa ndani. Mistari inayofuata ongeza m 1.22 kila mara: 20.12, 21.34, 22.56, 23.78. Mtoto hukimbia kama sm 20 nje ya mstari, na hapo ndipo m 200 zinapotimia. Kamba iwe ya katani au waya mwembamba. Nailoni inavutika, duara linatoka na kitambi upande mmoja.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuanzisha njia zote kwenye mstari mmoja halafu wa nje anaonekana mzembe. Kwa mzunguko mzima, njia ya 2 ianze mbele kwa m 7.67, ya 3 kwa m 15.33, ya 4 kwa m 23. Kupokezana vijiti iwe 4 kwa 50, vijiti ni mwanzi wa sm 30 uliolainishwa ncha.

Mbio fupi zisiwe mita 100, hazienei. Weka 75, zibaki 20 za kuanzia na kusimamia. Darasa la kwanza na la pili wakimbie 50. Na hapa piga hesabu: watoto 430 wakikimbia wanne wanne ni michuano 108, kila mmoja dakika 2, umetumia muda wa zaidi ya saa tatu na nusu na jua liko utosini. Chora njia 8 upande mmoja wa uwanja (upana m 9.76), inakuwa michuano 54, chini ya saa 2. Watoto wengi hukimbia pekupeku, na mchanga saa 5 unaunguza nyayo, kwa hiyo michuano iishe saa 4.

Mistari: kwaruza kwanza mfereji mwembamba kwa ncha ya jembe, ndipo umwage majivu yaliyochekechwa. Bila mfereji, kusi inayapeperusha kabla ya mbio ya kwanza. Chokaa ambayo haijazimwa usiiguse, inaunguza macho.

Jambo la Agosti ambalo wageni hawalijui: salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mikorosho ina maua, na wakulima wanaipuliza dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga alfajiri kukiwa na umande. Ongea na mwenyekiti wa kijiji ili mashamba ya upande unaotoka upepo yapulizwe siku nyingine, siyo asubuhi ya michezo. Vumbi lile linawasha macho na kukohoza.

Kuvuta kamba: watoto 8 kwa 8, kamba nene ya katani, marufuku kuizungusha mkononi au kiunoni. Mbio za magunia, azimeni magunia ya juti ya korosho, kung'uteni vizuri. Kwa wasiopenda mbio wekeni rede, mdako na bao, na ushindi wake uhesabiwe pointi sawa na mbio. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu asifanywe mtazamaji wakati bao lipo.

mwl_nyandani:
Asante sana, fundi. Mahafali nimehamishia Alhamisi. Je, chakula? Tulifikiria ubwabwa wa nazi na mbaazi, sufuria moja kubwa ya kuazima.

mama_jiko:
Mwalimu, sufuria moja hapana. Kilo 50 za mchele kwenye chombo kimoja chini zinaungua, katikati zinakuwa uji, juu mbichi. Tumia masufuria manne, kila moja kilo 12, moto wa kuni tatu nene na mkaa juu ya kifuniko wakati wa kupalia.

Kadiria gramu 110 za mchele kwa mtoto: 430 ni kilo 47, kwa hiyo gunia la 50 linatosha na wapishi. Mbaazi kavu gramu 60, yaani kilo 26, ziloweke usiku kucha na zianze kuchemka saa 11 alfajiri. Nazi weka kwenye mbaazi tu, 25 zinatosha. Wali wa nazi kwenye joto huchacha upesi, na kwa watu wengi hivi hamtaupakua wote kwa wakati mmoja. Mchele upikwe kwa mafuta, lita 3, ukamilike saa 6 mchana na uliwe kabla ya saa 8. Wali uliokaa vuguvugu muda mrefu unatapisha hata kama haunuki. Kilichobaki kisitunzwe kwa kesho.

Pakueni kwa kikombe kimoja cha kipimo, kuanzia darasa la awali na la kwanza. Mkianza na wakubwa, wadogo wanapata ukoko.

Maji ya siku ya chakula: kunywa lita 1 kwa mtoto ni 430, kupikia wali 100, mbaazi 80, kunawa 90, kuosha vyombo 120. Jumla lita 820. Siku ya michezo weka nyingine 450 za kunywa. Tenki lenu linatosha, ila fungeni bomba lake tangu wiki iliyotangulia na mtu mmoja ashike ufunguo. Maji ya kunywa yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha pakiti na yakae nusu saa. Kunawa tumieni vibuyu chirizi 9 (vyombo vinavyochirizisha maji kidogo kidogo), sabuni ikiwa imefungwa kamba. Bomba la wazi litamaliza lita 90 kabla ya darasa la tatu kufika.

mpiga_ngoma:
Niongeze la ngoma. Sindimba inapendeza kwa watoto, lakini chagueni nyimbo za shambani, za mavuno na za kusifu elimu. Nyimbo za unyago na jando zina mahali pake na wenyewe. Zisiletwe jukwaani mbele ya ambao hawajaingia. Mwalikeni bibi au babu mmoja anayejua azisikie zote wiki mbili kabla. Atasema ipi itolewe, na msibishane naye.

Mazoezi dakika 25 baada ya masomo, kwa wiki tatu. Kundi la watoto 16 linatosha. Likizidi, wa nyuma hawasikii mpigaji na hatua zinapishana.

Ngozi inalegea kwa umande. Saa moja kabla ya kucheza washeni nyasi kavu nyuma ya darasa, upande ambao upepo hauelekei mapaa, ipasheni ngoma moto kwa kuizungusha mkono mmoja juu ya mwali huku mkiigonga hadi mlio ukaze. Ikishikwa karibu mno ngozi inapasuka, na ya akiba hamna. Wekeni mtu mzima na ndoo ya mchanga hapo hadi moto uzimike, na fungu la pili la nyasi, maana risala ikirefuka ngoma italegea tena. Risala yenyewe iwe kurasa mbili.