Rojo amanecer: naweza kuiangalia na mzee wangu ama niachane nayo?

KijanaUmoja2

Sasa wasee, niko na swali na naomba mnijibu kwa roho safi. Juzi niliangalia filamu moja ya Meksiko inaitwa Rojo amanecer, ya Jorge Fons, ilitengenezwa 1989, na mpaka saa hii haijanitoka kichwani. Kwa wale hawajaiona, ni familia moja inakaa kwa fleti pale Tlatelolco, Mexico City, jengo linaitwa Chihuahua, na hadithi yote ni kuanzia asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 1968, ile siku ya kweli wanafunzi waliokuwa wanaandamana walipigwa risasi pale, mpaka alfajiri ya kesho yake. Baba anafanya kazi ya serikali, mama ako nyumbani, babu ni mwanajeshi mstaafu, vijana wawili wakubwa ni wanafunzi na wako ndani ya maandamano kabisa, halafu kuna msichana, na kale kadogo ka mwisho Carlitos. Asubuhi wako mezani wanabishana, baba anawaambia vijana waachane na hayo mambo, babu naye anaona watoto wa siku hizi hawana adabu, nywele ndefu na nini. Kila mtu anatoka anaenda zake. Jioni risasi zinaanza pale chini uwanjani na kamera karibu haitoki kwa nyumba, sisi tunaskia tu.

Sasa mambo yangu. Mzee wangu ni karani wa serikali, amebakisha muda kidogo astaafu. Tangu Juni 2024 yeye na bro yangu mdogo hawaongei vizuri. Ile tarehe 25 bro alienda tao na wenzake kwa maandamano ya Mswada wa Fedha, simu ikazima, mathe akakaa kwa mlango mpaka usiku. Bro aliporudi macho yamevimba na moshi, mzee hakumuuliza kama ameumia, alimuuliza kama anajua ni watu wangapi wanakula kwa ile kazi yake. Hayo maneno bado yamekaa kwa nyumba, wanapitana kwa korido tu. Nilipoona ile asubuhi ya mezani niliskia ni sisi wamechukuliwa video.

Kwa hivyo naomba kujua mambo mawili. Kwanza, niiangalie na mzee ama nitaongeza petroli kwa moto? Pili, kwa nini mkurugenzi hakuonyesha uwanja wenyewe, watu walikufa pale nje na yeye anatuweka sebuleni?

SinemaMtaani

Nianze na hilo la pili kwa sababu ndilo nalijua vizuri. Hiyo filamu ilipigwa kimyakimya ndani ya bohari, nyumba yote unayoona imejengwa humo ndani, na pesa haikuwepo. Mwaka 1989 chama kilichotawala Meksiko bado kilikuwa PRI, kilekile cha 1968, na kumwonyesha mwanajeshi kwa ubaya kwenye filamu ilikuwa kitu hakiguswi. Ata ilipoisha wakaguzi waliikalia, ikaingia kwa kumbi 1990 baada ya kukatwa vipande vilivyogusa jeshi, halafu mwaka uliofuata ikachukua tuzo kubwa ya Ariel, ambayo ndiyo tuzo ya juu ya filamu huko kwao. Kwa hivyo uwanja wenye maelfu ya watu, vifaru na helikopta hawangeweza kuupiga hata wangetaka.

Lakini usiseme ni umaskini tu. Angalia vile wametumia sauti. Kwanza stima inapotea, simu ya mezani inakufa, mama anainua mkono wa simu anaweka anainua tena. Halafu helikopta. Halafu milio, na watu wanakimbia kwa ngazi, na hujui wanaokimbia ni watoto wako ama ni wenye wanawatafuta. María Rojo, yule anacheza mama, anasimama dirishani na wewe unaangalia uso wake, hauoni kile anaona. Hapo ndio nilielewa, kwa sababu mzazi yeyote wa hapa Nairobi siku kama hizo hayuko uwanjani, ako kwa nyumba anaskiza.

Na hilo jengo hawakulichagua ovyo. Siku ile ya kweli viongozi wa wanafunzi walikuwa wanahutubia kutoka kwa balkoni ya ghorofa ya tatu ya hilo jengo la Chihuahua, ndiyo maana wale askari wa Batallón Olimpia, kikosi maalum cha jeshi, waliovaa nguo za raia, na glavu nyeupe mkono wa kushoto ili wajuane, walikuwa wamejaa humo ndani. Mtu wa pale hakuhitaji kwenda maandamano. Yalikuja kwa mlango wake.

MwalimuMstaafu

Kijana wangu, nimesoma ulivyoandika mara mbili. Nikuambie kitu kimoja kuhusu hiyo Oktoba. Sisi tulikua tukisimuliwa mwaka 1968 kama mwaka wa furaha. Naftali Temu alishinda mita 10,000 kule Mexico City tarehe 13 Oktoba, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, halafu Biwott akashinda kuruka viunzi na maji, halafu Keino akamwacha Mmarekani Jim Ryun nyuma kwenye mita 1500. Medali 9 zote pamoja. Baba yangu alikuwa anazitaja kama majina ya watoto wake. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba siku 11 kabla ya Temu kukimbia, katika mji huohuo, wanafunzi walikuwa wamemiminiwa risasi, na sababu moja kubwa ya haraka ile ni kwamba serikali ilitaka mji uwe kimya kabla wageni wa Olimpiki hawajafika. Nilijua hayo nikiwa mtu mzima tayari nafundisha. Sikufurahia tena zile picha kwa njia ileile, na sidhani ni makosa ya Temu wala Keino, wao walikimbia vizuri.

Hapa kwetu pia. Wengi wenu hamkumbuki Februari 1985, Jumapili tarehe 10, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikusanyika uwanja wa michezo kwa maombi, polisi wa kutuliza ghasia wakawavamia, serikali yenyewe ikakubali kwamba mwanafunzi mmoja alikufa, chuo kikafungwa. Na kabla ya hapo, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, mwenyekiti wa wanafunzi Titus Adungosi alifungwa miaka 10 na akafia jela 1988.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwanafunzi miaka hiyo. Mama yetu, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, usiku mmoja alichukua makaratasi yake yote, daftari, barua, hata picha za marafiki, akayatia kwa jiko moja moja, anapepea ili moshi usitoke sana. Kaka alisimama hapo analia kwa hasira na kumwambia kwamba anachoma masomo yake. Mama hakumjibu neno, aliendelea kupepea. Walikaa miaka hawajasameheana, na wote wawili walikuwa wanaogopa kitu kimoja.

Kwa hivyo swali lako la kwanza, ndiyo, muiangalie pamoja. Yule mzee wako aliogopa mlangoni sawasawa na mama yako, isipokuwa kwa mwanaume wa umri wetu woga hutoka ukiwa umevaa nguo za ukali. Filamu inaweza kumsaidia kuuona bila mtu kumwambia usoni.

MamaWawiliKayole

Mwalimu shikamoo, nakuheshimu, lakini hapo kwa mzee sikubaliani na wewe yote. Tukisema kila mara baba anapofoka ni woga tu, mtoto ndiye anabaki kumwelewa kila mtu na hakuna mwenye anamwelewa yeye. Huyo kijana alirudi na macho yamevimba na akaulizwa habari ya mshahara. Mzee anahitaji kusema pole, filamu ama bila filamu.

Mimi niko na vijana wawili, mmoja ako kolej. Niliangalia hii filamu na yeye kwa laptopu na kitu ilinishika si risasi, ni vile yule mama Alicia siku nzima anafanya kazi ya nyumba, ametandika, amepika, anauliza nani amekula, na usiku ukifika ni yeye anafunga kidonda cha kijana hata si wake, mwenye wanawe wamekuja naye wanamficha bafuni. Hakuna mwenye alimuuliza maoni yake ya siasa asubuhi. Lakini usiku nyumba yote iko kwa mikono yake.

Na kuna kitu ningetaka mzee wako aone, KijanaUmoja2. Baba wa kwa filamu aliamini kazi yake ya serikali ni kama kinga. Alikuwa anasema ukikaa vizuri na wakubwa hakuna mtu atakugusa. Alfajiri wale watu wa glavu nyeupe walipovunja mlango, hiyo kazi haikumsaidia na kitu. Babu naye alipigania nchi hiyohiyo akiwa kijana. Haikumsaidia pia. Aliyebaki ni kale katoto ka chini ya kitanda. Mimi hapo nilizima, nikaenda nje nikatembea kwanza ndio nikarudi kumaliza.

Ndiyo maana nasema usimkalishe tu mzee aangalie kitu bila kumwambia inaishaje. Mtu mwenye mtoto wake alikuwa tao ile siku hafai kushtukizwa na mwisho wa hiyo filamu. Mwambie mapema.

JamaaWaNyaraka

Nimependa haya majibu lakini kuna kitu kinanisumbua na hii filamu na wacha niseme. Ukiiangalia bila kujua historia unaweza kutoka ukidhani ule ukatili ulianguka tu kutoka juu kama mvua ya mawe, hakuna mwenye aliuamua. Ulikuwa na wenyewe. Rais alikuwa Gustavo Díaz Ordaz, waziri wa mambo ya ndani alikuwa Luis Echeverría, ambaye baadaye akawa rais mwenyewe kuanzia 1970 mpaka 1976. Nyaraka zilizotoka miaka mingi baadaye zilionyesha kikosi cha walinzi wa rais kiliweka wadunguaji kwa majumba ya kuzunguka uwanja, jeshi likadhani ni wanafunzi wanapiga risasi, likaanza kujibu. Serikali wakati huo ilitangaza wafu wachache kama 30 hivi, watu wengine wakasema mamia, na watafiti waliopekua makabrasha wameweza kuthibitisha 44, wengine 10 kati yao hata majina hayajulikani. Echeverría alishtakiwa 2006, mahakama ikamwondolea kesi 2009, akafa 2022 akiwa na miaka 100 bila kuhukumiwa.

Tena angalia kile wanafunzi walikuwa wanaitisha, ni mambo sita tu. Wafungwa wa kisiasa waachiliwe, wakuu wa polisi wafutwe, kikosi cha granaderos, polisi wa kutuliza ghasia, kivunjwe, kile kifungu cha sheria walichokuwa wanafungiwa watu nacho kiondolewe, familia za waliouawa na walioumizwa zilipwe, na ijulikane nani alitoa amri. Hakuna hata moja hapo ya kupindua serikali. Bro yako na wenzake walienda kwa sababu ya Mswada wa Fedha, ushuru wa mkate na vitu kama hivyo, na rais mwenyewe alikataa kuutia sahihi siku iliyofuata, lakini kufikia tarehe 1 Julai tume ya haki za binadamu KNCHR ilikuwa imehesabu watu 39 wamekufa. Ukikaa na mzee usimwonyeshe machozi ya familia peke yake, mwambie pia hao watoto waliuliza nini, kwa sababu nahisi kwa hiyo nyumba yenu hakuna mtu amewahi kumuuliza bro yako alienda kufanya nini.

SinemaMtaani

JamaaWaNyaraka uko sawa kwa historia lakini filamu yenyewe usiilaumu kwa hilo. Hao walikuwa wanaitengeneza mwaka 1989, wakati kutaja jina moja tu kungeifanya ibaki kwa kabati la wakaguzi mpaka leo. Hata sisi hapa, dokumentari ya BBC kuhusu mauaji ya waandamanaji pale bungeni Juni 2024 ilipotoka Aprili 2025, maonyesho yake hapa Nairobi yalifutwa, watu wakaiangalia kwa simu. Na hiyo ni enzi ya intaneti. Fons alisubiri miaka 21 ndio apate nafasi ya kupita, akapitia sebuleni. Héctor Bonilla, yule anacheza baba, alikuwa pia mmoja wa watayarishaji, kwa hivyo waigizaji walijua wanaweka nini rehani.

KijanaUmoja2

Asanteni sana, sikutarajia majibu kama haya. JamaaWaNyaraka umenigonga, kweli hakuna mtu amewahi kumuuliza bro, hata mimi sijawahi. Nimemuuliza jana usiku tukiwa kwa chumba na aliongea mpaka nikashindwa kulala. Kuna vitu aliona pale karibu na Parliament Road sitaandika hapa kwa sababu ni zake.

Mama wa Kayole nimekuskia pia. Nimemwambia mzee kuna filamu nataka tuangalie Jumapili baada ya kanisa, nimemwambia ni ya nini na inaishaje, wote kwa ile nyumba wanakufa isipokuwa mtoto. Aliniangalia tu akauliza ni ya saa ngapi na kama iko na maandishi ya Kiingereza. Bro amekubali ila anataka akae karibu na mlango, akiona hawezi atoke. Nitazima kwanza kila mtu akitaka kusema kitu, sitaki tumalize tu halafu kila mtu aende kulala.

Mwalimu nikikwama nitarudi kukuuliza.

MwalimuMstaafu

Rudi mwanangu. Na mama yako asibaki jikoni anawapikia chai wakati mnaangalia, pikeni mapema, aketi na nyinyi. Yeye ndiye alikaa mlangoni.