Majirani wa Ploti, South B: kitambaa cha Makindu

[11:20] Mama Ndanu: Majirani, tumefika salama mimi na Ndanu. Asanteni kwa kunitafuta, simu ilizimika tangu Mtito Andei.

[11:21] Zulekha wa juu: Alhamdulillahi. Tumelala roho juu. Si ulisema jana jioni?

[11:24] Mama Ndanu: Gari ilichemsha tukitoka Kibwezi. Paipu ya rejeta imepasuka, mvuke unatoka kama sufuria ya githeri. Tukamwaga maji yetu ya kunywa humo, chupa baada ya chupa, tukajikokota mpaka Makindu. Hapo ikagoma kabisa. Saa mbili na nusu usiku, makanga anasema fundi ni kesho na nauli hairudi.

[11:25] Baba Otis: Nauli hairudi 😂 wimbo wa taifa

[11:25] Mama Shiru: Pole. Mlilala kwa gari?

[11:26] Mama Ndanu: Kwa Makalasinga.

[11:26] Mama Shiru: ??

[11:28] Baba Otis: Lile hekalu la Masikh la barabarani. Sisi wa trela tunalijua. Huna kitu mfukoni, unaingia, unakula, unaendelea na safari. Sijawahi kuulizwa hata jina pale.

[11:34] Mama Ndanu: Mimi nilikuwa nalipita tu dirishani miaka yote. Askari wa lango alimwona Ndanu amelala begani, akasema, "Mama, vua viatu, funga kichwa, chakula kiko." Leso yangu ilikuwa imemfunika mtoto, nikapewa kitambaa cha rangi ya machungwa. Ndani anapita mzee wa kilemba, ndevu mpaka kifuani, na ndoo ya dengu na upawa. Akanisalimia kwa Kikamba safi! Mimi Mkamba wa kuzaliwa Pangani nikajibu kwa Kiswahili. Aibu.

[11:35] Baba Otis: 😂😂

[11:37] Mama Ndanu: Ukimaliza chapati nyingine inatua. Sharti ni moja, usibakishe kwa sahani. Ndanu alibakisha, nikamalizia mimi. Nikatoa mia tano yangu ya mwisho nikauliza ni pesa ngapi. Mzee akaninyoshea kidole: "Choo kule, chumba kule." Habari ya pesa ni kama hakusikia.

[11:39] Mama Shiru: Na chakula kimewekwa mbele ya sanamu, wewe unakula tu?

[11:41] Mama Ndanu: Hawana sanamu, Mama Shiru. Pale pa ibada wanaheshimu kitabu chao.

[11:41] Mama Shiru: Hakuna cha bure. Lazima waliwahubiria.

[11:45] Mama Ndanu: Hilo ndilo nililokuwa nangoja. Shuka safi, komeo kwa ndani, na bado nilikaa macho mpaka saa saba usiku nikisikiliza nani anakuja kusema wanataka nini. Hakuja mtu. Asubuhi ni chai ya maziwa, na yule mzee anamuuliza Ndanu kama ameota.

[11:47] Mzee Karanja: Hao walikuja na reli. Reli ilifika Nairobi 1899, na kabla ya hapo Makindu palikuwa kituo cha kazi. Hekalu limejengwa 1926. Kazi ya reli ilipopungua wengi wakahama, lakini jiko likabaki. Kulisha kila mtu bila kuuliza dini ni desturi tangu Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, zaidi ya miaka 500, na hata jina kalasinga lenyewe

[11:47] Mzee Karanja: naendelea

[11:48] Zulekha wa juu: Mzee, tafadhali, jina liwe la jioni 🙏

[11:52] Mwalimu Abdi: Hicho kitambaa kimenirudisha nyumbani Mandera. Desemba 2015, basi lilivamiwa karibu na El Wak. Wale watu wakataka Waislamu wasimame kando na Wakristo kando. Wanawake wetu walishavua mitandio wakawafunga Wakristo vichwani. Abiria wakakataa kutengana, wakasema mtuue wote au mtuache. Mwalimu mwenzangu wa kazi, Salah Farah, alipigwa risasi hapo. Akafia hapa Nairobi Januari 2016.

[11:53] Zulekha wa juu: Mungu amrehemu.

[11:53] Baba Otis: Nakumbuka. Tulikuwa tunasikiliza redio tukipakia Mlolongo.

[11:58] Mama Shiru: Ujumbe huu umefutwa

[12:06] Mama Ndanu: Woi! Nafungua begi hapa, kitambaa chao nimekuja nacho. Nilimfunikia Ndanu kwa gari nikasahau. Watasema nimeiba.

[12:07] Baba Otis: Hawatasema. Lakini napita Jumamosi na mzigo wa bandari, nipe nikirudishe. Nikienda hapo huwa nabeba na unga kidogo wa jikoni.

[12:08] Zulekha wa juu: Mimi natoa kilo kumi za unga.

[12:08] Mwalimu Abdi: Sukari ni yangu.

[12:09] Mama Ndanu: Nikifua kitakauka kabla ya Jumamosi kweli, na mvua hii?

[12:15] Mama Shiru: Zulekha, ununue unga wa atta, si ule wa mandazi. Chapati zao ni za atta.

[12:15] Zulekha wa juu: Sawa mama.

[12:17] Mama Shiru: Nina dengu kilo tatu hapa. Baba Otis usizichukue leo, pitia kwangu Ijumaa jioni. Lazima nizichambue kwanza, zina mawe.