MGB ikipigwa jeki, mlango unabana

Wakuu, niko Birmingham, nina MGB, kigari cha michezo cha Kiingereza, ya 1971 yenye paa la turubai. Ikiwa chini, milango inafunga safi. Nikiweka jeki pale katikati chini ya mlango, mwanya wa juu unapanuka na chini mlango unabana. Nilegeze bawaba niupange upya?

— Acha bawaba! MGB haina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Bila paa la chuma, mzigo unabebwa na yale maboksi ya chini ya milango pamoja na handaki la propela shafti, ule mfereji wa katikati ya sakafu unaopitisha mhimili wa kuzungusha magurudumu ya nyuma. Kujikunja kidogo ni kawaida. Ila mlango kubana, hiyo ni kutu, na huanzia ndani ambako rangi haifiki. Chukua bisibisi, chokonoa chini ya boksi, upande wa tairi la nyuma.

— Imezama mpaka kwenye mpini, mkuu. Unga mwekundu mtupu, na juu yake mtu alishapaka lami nzuri nyeusi!

— Hao ndio wauzaji. Sasa usikate kitu bado. Gari likae sawa, milango ikiwa imefungwa mahali pake, kisha funga bomba la chuma toka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, bodi isijikunje ukikata kutu. Fanya upande mmoja kwanza, na pima mianya kila ukichomelea kipande.