Mlango wa pikapu mpya haukai sawa

Dereva, Arua:
Ndugu zangu, pikapu yangu ina wiki tatu tu. Mlango wa nyuma kushoto umeshuka milimita nne hivi, na vumbi jekundu la njiani linaingia hadi kwenye kiti cha mtoto. Inaniuma sana. Nilegeze bawaba mwenyewe?

Fundi bodi, Kampala:
Usiguse, kaka! Rangi ya boliti ikipasuka, waliokuuzia wanaweza kukukatalia waranti. Bana karatasi mlangoni, uivute. Ikitoka kirahisi, mpira wa mlango haukazi hapo. Piga picha, warudishie gari.

Mama wa Gulu:
Langu tatizo lilikuwa kile chuma cha nguzoni kinachopokea kitasa. Walikisogeza kidogo, mlango ukafunga bila kubamizwa.

Dereva, Arua:
Karatasi imetoka pembe ya juu. Kesho alfajiri nawapelekea.