Mjadala: Kanuni za mapigano katika michezo ya vita ya ubaoni zina uhalisia wowote?

Pembesita: Nawauliza mnaocheza michezo ya askari wa miguu, ile ya ngazi ya sekisheni, yaani kikundi cha askari kama kumi. Squad Leader ya 1977 inasema zamu moja ni dakika 2 na pembesita moja, yaani kijumba kimoja cha ubao, ni mita 40. Hapo sina neno. Lakini afisa hodari akikaa kando ya bombomu, eti risasi zinaua zaidi! Na mimi kutoka juu naona ubao mzima, kila kete inanitii papo hapo. Vitani nani anaona hivyo? Hiyo ni sataranji yenye dadu, na wengi wanaoitetea hawajawahi kusikia mlio wa risasi.

Dadu Mbili: Hilo la mwisho umelitoa wapi? Nimevaa gwanda na mchezo huu naupenda. Afisa haongezi ukali wa risasi. Anawafanya watu waliojilaza wainue vichwa wapige panapotakiwa. Ndicho alichokilenga John Hill alipoubuni: matokeo yafanane na vita, si kuhesabu kila risasi.

Mchora Ramani: Askari wengi hawafyatui kabisa. Kuna Mmarekani aliandika baada ya vita kuu ya pili kwamba ni robo tu waliofyatua. Sasa kwa nini kila sekisheni ipige kwa nguvu zake zote?

Pembesita: Huyo ni S.L.A. Marshall, 1947, na robo ndiyo ilikuwa kiwango chake cha juu. Mwaka 1988 mwanahistoria Roger Spiller akaonyesha kwamba hakuna ushahidi kuwa hesabu hizo zilikusanywa kweli. Usitujengee kanuni juu ya mchanga.

Mchora Ramani: Kwa hiyo askari hawaogopi? Ondoa hiyo robo, woga uko palepale.

Dadu Mbili: Woga tayari umo! Kikosi kinavunjika ari, kinakimbilia msituni, afisa anakikusanya upya. Mnabishana na kanuni ambazo hamjazisoma. Na Pembesita hajanijibu kuhusu mlio wa risasi.

Kadi Mkononi: Suala la kila kete kukutii papo hapo, mchezo mwingine, Combat Commander wa 2006, umelishughulikia kwa kadi za amri. Hakuna dadu, na bila kadi ya kusonga, husongi. Amri hazifiki kila unapotaka, kama vitani.

Dadu Mbili: Platuni nzima ikae wazi mbele ya bombomu kwa sababu sikubahatika kadi? Koplo yeyote angewaambia watu wakimbie! Huo ndio uhalisia wenu?

Kadi Mkononi: Koplo aliyelazimika kulala chini kwa mvua ya risasi hasikiki hata hatua kumi. Wewe uliyevaa gwanda unalijua hilo kuliko mimi.

Dadu Mbili: Ninalijua. Basi mkosesheni amri anayemiminiwa risasi, si aliyekaa salama nyuma ya ukuta. Kadi zenu haziwatofautishi hao wawili.

Pembesita: Hapo nakuunga mkono. La mlio wa risasi silifuti, ila halikuwa lako.

Dadu Mbili: Lilikuwa la nani?