Udenda wa mtoto

Mama Mtoto: Shikamooni wakubwa. Mwanangu ametimiza miezi 4, na udenda unamtoka mchana kutwa hadi nguo inalowa chapachapa. Kidevuni na shingoni kumeota vipele vyekundu. Je, ni meno?

Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Sisi tulisema hivyo sikuzote, kwamba meno yanakaribia.

Shangazi: Mama, meno huchangia, lakini jino la kwanza kwa kawaida hutokeza karibu na mwezi wa 6, ilhali udenda huongezeka tangu mwezi wa 2 au wa 3, kwa kuwa tezi za mate zimechangamka na mtoto bado hajazoea kuyameza mate yake. Wengi hupungukiwa na udenda wakifikisha miezi 18 hadi 24. Kwa hiyo, mwanangu, udenda wenyewe usikunyime usingizi. Hiyo ngozi ndiyo ya kushughulikia leo.

Mama Mtoto: Nimekuwa nikimfuta kila mara, lakini wekundu unazidi.

Shangazi: Usimsugue. Gandamiza kitambaa laini taratibu mpaka kinyonye mate. Kisha mwinue kidevu utazame ndani ya mikunjo ya shingo, maana humo maziwa na mate hujificha yakachachuka. Paoshe kwa maji ya uvuguvugu, pakaushe kabisa, halafu umpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Kitambaa cha kifuani kibadilishe kila kinapolowa, na umvue anapolala.

Kaka: Vipi kuhusu shanga za kung'ata, au dawa ya ganzi ya kupaka kwenye fizi?

Shangazi: Vyote viwili naviogopa. Shanga humkaba mtoto au zikakatika zikampalia, na dawa ya ganzi yenye benzokaini haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo. Kidole kilichooshwa vizuri kinatosha kumkanda fizi.

Mama Mtoto: Hospitali nimpeleke wakati gani?

Shangazi: Udenda ukizidi ghafla, naye ana homa, anashindwa kumeza au anapumua kwa sauti, hiyo ni dharura: mpakate akiwa ameketi wima, usimtie kidole kooni, nenda mara moja. Vipele vikianza kutoa maji au usaha, mwonyeshe daktari pia.

Kaka: Na mtoto aliyevuka miaka 4 ambaye udenda bado unamtoka?

Shangazi: Huyo apimwe. Huenda pua imeziba, ana mafindofindo makubwa, au misuli ya mdomo ni dhaifu, kama ilivyo kwa baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Nawasihi, asikaripiwe mbele ya wenzake, kwa sababu hafanyi makusudi.