Mateka wa Kilibya walikula, bibi yangu je?

Mwana wa Kyaka: Tujadili bila matusi. Vita vya Kagera, Tanzania dhidi ya Uganda ya Idi Amin, tuliteka askari wa Amin na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa. Tuliwalisha, mwishowe Walibya wakaachiwa wakarudi kwao. Bibi yangu aliporudi nyumbani alikuta zizi tupu, mlango umeng'olewa, chungu cha kupikia hakuna. Kwa haki gani mateka ale kabla ya aliyeporwa?

Fundi Saa: Mkataba wa tatu wa Geneva, 1949. Askari akishaweka silaha chini, yuko mikononi mwako: umlishe, umtibu, usimtese wala kumfanya maonyesho. Ng'ombe wa bibi yako wanadaiwa serikali iliyomtuma.

Binti Tanga: Hata kabla ya Geneva, Suratul Insan aya ya 8 inawasifu wanaomlisha masikini, yatima na mfungwa, na chakula chenyewe wanakipenda. Ila nyie wa Kagera kila mjadala lazima ng'ombe waingie.

Mwana wa Kyaka: Kila mjadala? Dada, wakati wanavamia mwaka 79 nyie Tanga mlikuwa mnalala milango wazi. Msitufundishe kuvumilia.

Fundi Saa: Walivamia Oktoba 1978. 79 ndiyo Kampala ilianguka, tarehe 11 Aprili.

Mwana wa Kyaka: Sawa, 78. Daraja la Kyaka walilivunja au hawakulivunja?

Mtoto wa Mjeshi: Hilo la kulala milango wazi limenichoma. Baba yangu ni wa Muheza, Tanga hiyo hiyo, na alikuwa vitani Lukaya, Uganda, Machi 1979. Mama alilala miezi hajui kama ni mjane. Futa hiyo kauli.

Binti Tanga: Asante kaka. Nami nimekosea kuhusu ng'ombe, mtu akipoteza mali ana haki ya kuitaja.

Jirani wa Masaka: Nasoma mnavyojisifu. Mutukula, huku kwetu Uganda mpakani, askari wenu walibomoa nyumba kwa tingatinga, na raia wakafa. Huo utu uliwafikia Walibya tu?

Fundi Saa: Hatukatai. Nyerere mwenyewe alikasirika, akaagiza raia wasiguswe.

Jirani wa Masaka: Kukasirika hakumrudishii mtu nyumba. Naye bibi yetu alikuwa na chungu.

Mwana wa Kyaka: Hapo umenigusa, ndugu. Lakini mnanihamisha. Sikusema mateka wauawe wala wapigwe. Nimeuliza foleni ya chakula, nani anatangulia.

Mtoto wa Mjeshi: Foleni ipi? Bibi yako alikuwa na miguu, aliweza kwenda kwa jirani akaomba ndizi. Mtu uliyemfunga mikono asipopewa na wewe hapewi na yeyote. Ukimnyima, umemuua wewe. Baba alimkuta kijana wa Kilibya ameketi kando ya barabara, viatu havina kamba, akampa chupa yake ya maji. Akanywa nusu, nusu akamsogezea mwenzake aliyelala. Baba anasema alitamani kumchukia ikashindikana.

Mwana wa Kyaka: Ile ya milango wazi nimeifuta. Mwambie mzee shikamoo. Hayo maji aliyaomba kwa lugha gani?

Mtoto wa Mjeshi: Marahaba nitamfikishia. Hakuomba. Baba aliona midomo imepasuka.